Chanjo hudumu muda gani kwa mtoto anayeishi na virusi vya SIDA?

Swali hili tuliulizwa na nkambo mmoja baada ya ibada ya Jumapili, hapa Lubumbashi. Alingoja watu wapungue, akafungua mfuko wa plastiki, akatoa kadi ya CPS ya mjukuu wake. Kadi ilikuwa imejaa: BCG alipozaliwa, matone ya polio, sindano tatu za penta, kisha surua na homa ya manjano kwenye miezi tisa. Mtoto alikuwa na miaka minne, na alikuwa ameanza dawa za ARV karibu mwaka mmoja uliopita.

"Pasta," akatuambia, "munganga anasema mtoto achomwe tena ile ya surua. Si imeandikwa hapa? Ao dawa zimekataa, na hawataki kuniambia?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Shule ya teolojia ilitufundisha Kigiriki na Kiebrania. Mambo ya sindano haikutufundisha. Tulimwomba ruhusa ya kuuliza bila kutaja jina lake wala la mtoto, tukaenda kwa waganga na wauguzi walio washiriki wa makanisa yetu, tukasoma waliyotuonyesha. Tunayaandika hapa kwa sababu tunajua nkambo huyu si peke yake. Katika Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba, katika kila parokia ya mji huu, wako walezi wenye kadi iliyojaa na mtoto ambaye kinga yake huenda imeisha.

Jibu kwa kifupi: mtoto mwenye virusi vya SIDA (VIH) ambaye alichanjwa kabla ya kuanza dawa anaweza kupata kinga nzuri mwanzoni, lakini mara nyingi kinga hiyo haidumu kama ya watoto wengine. Dawa za ARV zinauponya uwezo wa mwili wa kujifunza, lakini hazirudishi somo lililosahaulika. Somo linapaswa kufundishwa tena. Munganga alisema kweli, na dawa hazikukataa.

Mwili unakumbuka namna gani

Chanjo ni kama kumwonyesha mlinzi wa lango picha ya mwizi kabla mwizi hajafika. Mwili unaonyeshwa kijidudu kilichodhoofishwa, au kipande chake tu, unatengeneza silaha za kupigana nacho, tena unaweka kumbukumbu. Silaha hizo, zinazoelea katika damu, hupungua kadiri miezi inavyopita. Kinachobaki miaka mingi ni chembe za kumbukumbu. Siku kijidudu cha kweli kinapoingia, chembe hizo huamka na kutengeneza silaha upya kwa haraka.

Sasa, chembe hizo hazifanyi kazi peke yake. Zinahitaji kuamriwa na chembe nyingine za damu ambazo waganga wanaziita CD4. Na hizo CD4 ndizo VIH inazoziwinda. Kwa mtoto aliyeambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa maziwa, virusi vinaanza kazi hiyo katika miezi ileile ambamo anapewa chanjo zake. Sindano inaingia, somo linatolewa, lakini wanaopaswa kulihifadhi wanauawa mmoja mmoja. Kwa hiyo kadi inaweza kusema kweli kwamba mtoto alichomwa, na damu yake ikasema kweli kwamba hakuna kinga.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hatulijui. Kila mtoto huzaliwa na kinga kidogo ya surua aliyopewa na mama yake. Mama mwenye VIH huwa anampitishia mtoto kinga hafifu zaidi, na huisha mapema. Ndiyo maana mtoto wa mama huyu anaweza kushikwa na surua kabla ya kufikia miezi tisa, hata kama yeye mwenyewe hakuambukizwa VIH.

Walichokiona Lusaka

Ushahidi ulio wazi kuliko wote tuliousoma hautoki Ulaya. Unatoka kwa jirani zetu, ng'ambo ya Kasumbalesa. Katika mji wa Lusaka, watafiti waliwafuatilia watoto waliochanjwa surua kwa chanjo ya kawaida, wenye VIH na wasio nayo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Ni vizuri kuyatazama polepole, maana yanafundisha kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza inafariji. Ndani ya miezi 6 baada ya sindano, asilimia 88 ya watoto wenye VIH walikuwa na kinga ya kutosha katika damu. Kwa watoto wasio na VIH ilikuwa asilimia 94. Tofauti ni ndogo. Kama utafiti ungeishia pale, wote wangeenda nyumbani wakisema chanjo inafanya kazi sawasawa.

Lakini walingoja. Walipopima tena miezi 27 baada ya chanjo, watoto wenye VIH waliokuwa bado hai, waliorudi na ambao hawakuchanjwa tena walikuwa 18. Nusu yao tu ndio waliobaki na kinga. Kwa watoto wasio na VIH ilikuwa asilimia 89. Tena lilionekana jambo la tatu: watoto 12 wenye VIH walikuwa wamepata sindano nyingine wakati wa kampeni ya surua iliyopita mjini, na kati yao 11 walikuwa na kinga.

Hesabu hizo ni za watoto wachache, tunalikubali hilo, na wengi wao waliishi wakati dawa za ARV hazijawafikia watoto wa Zambia kwa wingi. Neno "waliobaki hai" peke yake linaeleza ulikuwa wakati gani. Hata hivyo picha yake imerudi mahali pengi. Mwaka 2010 watafiti walikusanya kazi zilizofanywa katika nchi mbalimbali juu ya watoto wanaotumia ARV, wakaona mambo mawili: wengi wao walikuwa hawana kinga ya kutosha dhidi ya magonjwa waliyochanjwa zamani, na walipochanjwa tena wengi wao waliitikia vizuri.

Kwa hiyo yule nkambo akiuliza "muda gani", hatuwezi kumpa namba moja ya kuandika kwenye kadi. Kwa surua, kwa mtoto asiyekuwa kwenye dawa alipochanjwa, miaka miwili hivi inatosha kwa nusu ya watoto kuipoteza kinga. Kwa mtoto aliyeanza dawa mapema sana, habari ni tofauti. Utafiti wa watoto walioambukizwa na mama zao, uliochapishwa mwaka 2009 baada ya kufanywa Italia, ulionyesha kwamba walioanza dawa ndani ya mwaka wa kwanza wa maisha walihifadhi chembe za kumbukumbu na kinga ya chanjo zao vizuri kuliko walioanza baadaye. Tarehe ya kuanza dawa ina uzito kama tarehe ya sindano. Na tarehe ya kuanza dawa inategemea tarehe ya kupimwa: tone la damu kutoka kisigino cha mtoto, kwenye wiki ya sita hivi, ambalo mama wengi wanalikimbia kwa sababu ya hofu.

Mpango ulivyo kwa surua

Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilitoa mashauri yake juu ya surua mwaka 2017, na ndani yake mtoto mwenye VIH anatajwa peke yake. Mtoto anayejulikana kuwa na VIH, au aliyezaliwa na mama mwenye VIH, anaweza kupewa sindano ya ziada kwenye miezi 6, bila kuacha ile ya miezi 9 na ile inayofuata katika mwaka wa pili. Kisha, mtoto aliyeanza ARV apewe sindano nyingine baada ya mwili wake kupata nguvu tena. Mahali wanapoweza kupima CD4, wanangoja zifike asilimia 20 hadi 25. Mahali wasipoweza, wanahesabu miezi 6 hadi 12 tangu alipoanza dawa.

Tuwaombe wasomaji washike hii miezi 6 hadi 12, maana ndiyo inayosahaulika. Katika miezi hiyo mlezi anafurahi, mtoto ananenepa, vidonda vya mdomo vimepona, kikohozi kimekwisha. Chanjo hakuna anayeikumbuka, kwa sababu kadi imejaa tangu zamani. Lakini ndio wakati mwili uko tayari kufundishwa.

Kwa nini wasichanje mara moja, siku ileile ya kuanza dawa? Kwa sababu chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto ambaye kinga yake imeanguka kabisa hapaswi kupewa mpaka apate nguvu, na sindano inayotolewa wakati mwili ni dhaifu inaweza pia kupotea bure. Ni kazi ya munganga kuamua siku. Si kazi ya mchungaji, wala ya jirani.

Tunapoyasoma haya tunamkumbuka kuhani wa Mambo ya Walawi, sura ya 13. Alimtazama mgonjwa, akangoja siku saba, akamtazama tena. Hakutosheka na alichoona mara ya kwanza. Tuliwahi kuhubiri sura ile mara nyingi juu ya unajisi, na hatukuwahi kuona kwamba ni sura ya mtu anayerudi kutazama.

Chanjo nyingine

Si zote zinafanana, na hapa walezi huchanganya mambo.

BCG, ile inayoacha alama kwenye mkono, ni ya kifua kikuu na ina bakteria hai. Kwa mtoto mwenye VIH ambaye hajaanza dawa inaweza, mara chache, kusambaa mwilini na kuwa ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo kama mtoto amekwisha kupimwa na kuonekana ana VIH kabla ya kupewa BCG, waganga huingoja mpaka awe kwenye dawa na awe imara. Lakini mtoto ambaye hali ya mama yake haijulikani anapewa BCG kama wengine, maana kifua kikuu katika nchi yetu ni hatari ya kila siku.

Homa ya manjano ni chanjo hai pia. Kwa watu wengi sindano moja inatosha kwa maisha. Lakini huko Abidjan, katika miaka ya 1990, watoto waliochanjwa walipimwa miezi kadhaa baadaye: kati ya wenye VIH ni asilimia 17 tu walioonyesha kinga, na kati ya wasio na VIH asilimia 74. Mlezi aulize munganga kama mjukuu wake anahitaji kurudia.

Penta na ile ya nimonia hazina kijidudu hai, kwa hiyo mtoto mwenye VIH hupewa bila wasiwasi. Kinga yake nayo hupungua. Afrika ya Kusini walijaribu chanjo ya nimonia kwa watoto na kuwafuatilia zaidi ya miaka 6. Kwa watoto wasio na VIH nguvu yake dhidi ya ugonjwa mkali ilishuka kidogo tu, kutoka asilimia 83 hadi 78. Kwa wenye VIH ilishuka kutoka 65 hadi karibu 39. Lakini hata hiyo 39 si kitu cha kudharau kwa mtoto ambaye nimonia ndiyo mwuaji wake wa kwanza.

Surua haijatuaga

Kuna wanaosema surua ni ugonjwa wa zamani. Katanga haina ruhusa ya kusema hivyo. Mwaka 2010 na 2011 ulipita hapa. Mwaka 2015, mwaka uleule jimbo lilipogawanywa, ulirudi na kuwatesa sana watu wa Malemba-Nkulu na sehemu nyingine. Kisha ikaja ile kubwa ya nchi nzima: Juni 2019 serikali ilitangaza mlipuko, na kufika Januari 2020 wagonjwa waliodhaniwa walizidi 310,000 na waliokufa walizidi 6,000. Wengi wao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Wakati huo dunia ilikuwa inatazama Ebola upande wa Beni na Butembo, na surua iliua watu wengi zaidi kimyakimya.

Mtoto mwenye VIH akishikwa na surua, inamwumiza kwa namna ya pekee. Wakati mwingine vipele havitokei, kwa hiyo nyumbani hawatambui. Wanaona homa, kikohozi na kupumua kwa shida tu. Tena anaweza kubeba virusi vya surua muda mrefu kuliko wengine na kuwaambukiza wenzake. Tangu siku ya kwanza apelekwe kituo cha afya, na muuguzi aambiwe kwamba kuna surua mtaani. Watampa vitamini A na watachunguza mapafu yake. Majani na mafuta ya kupaka visichukue nafasi ya safari hiyo.

Kwa sababu kinga yake yeye ni dhaifu, mtoto huyu analindwa pia na kinga ya walio karibu naye. Ndugu zake, watoto wa jirani, darasa la Shule ya Jumapili: kila aliyechanjwa ni ukuta kwake. Waganga wanasema ili surua ikose njia, karibu watoto 95 kati ya 100 wanapaswa kuwa wamechanjwa. Mzazi mwenye watoto wazima anaponuna wakati wa kampeni na kusema "wangu wamekwisha kupata", anatoa tofali katika ukuta wa mtoto asiyemjua.

Siri, na kadi mbili

Tulipouliza kwa nini sindano ya kurudia inakosekana, wauguzi hawakutaja kwanza ukosefu wa chanjo. Walitaja vyumba viwili. Katika chumba cha CPS kuna kadi ya chanjo, na haisemi lolote juu ya VIH. Katika chumba cha ARV kuna fishi ya matibabu, na mara nyingi haisemi lolote juu ya chanjo. Mlezi ndiye anayetembea kati ya vyumba hivyo, na mara nyingi anaficha karatasi ya kimoja anapoingia kingine.

Tunamwelewa. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda siri na haki za mtu mwenye VIH, lakini sheria haikai katika foleni pamoja naye. Katika foleni wanakaa majirani. Na tuseme ukweli: wengine katika majirani hao ni washiriki wetu, na wengine waliosema maneno ya kuumiza walisimama madhabahuni. Tumesikia wachungaji wakiwaambia watu waache ARV kwa sababu wameombewa. Mtoto akiachishwa dawa, CD4 zinaanguka tena, na pamoja nazo chanjo zote zilizorudiwa kwa shida. Tunaombea wagonjwa kila wiki na tutaendelea kuwaombea. Hatujaona mahali popote Bwana alipomwagiza mtu amnyang'anye mtoto dawa yake.

Wakati wa kampeni ya chanjo, mtangazaji anayepita na megafoni hahitaji kujua mtoto yupi ana VIH, na mlezi hahitaji kumwambia. Kampeni huwachanja watoto wa umri fulani hata kama kadi yao imejaa. Hiyo ni neema kwa mwenye siri: mtoto wake anapata sindano ya pili katikati ya wengine, bila swali lolote, kama wale 11 wa Lusaka. Mlezi anachohitaji ni kumwuliza muuguzi wa ARV mapema, katika chumba chao cha siri: "Kampeni ikija, wangu apelekwe?" Na kama jibu ni ndiyo, aende.

Parokia inaweza kufanya machache bila kujua siri ya mtu. Inaweza kutangaza siku za CPS pamoja na matangazo ya kwaya. Inaweza kumpa mama nauli ya basi bila kuuliza anakwenda chumba gani. Inaweza pia kutunza nakala za kadi, kwa maana nyumba zetu zinavuja wakati wa mvua, na panya hawasomi. Baadhi ya parokia zetu zimeanza kuweka fotokopi za kadi za watoto wote katika kabati yenye kufuli, kadi za mtoto wa mchungaji pamoja na za wengine, ili asiwepo anayeonekana kuwa wa pekee.

Tulirudi kwa nkambo na tuliyoyapata. Tulimweleza kwamba kurudia sindano si dalili ya dawa kukataa. Kinyume chake, munganga alingoja dawa zifanye kazi kwanza. Alisikiliza, akauliza maswali mawili: kama mtoto atapata homa, na kama atapaswa kulipa. Homa ndogo, ndiyo, inaweza kumpata kwenye wiki ya kwanza au ya pili, na huisha yenyewe. Juu ya malipo, chanjo za watoto za mpango wa serikali hazilipiwi.

Wiki tatu baadaye alipita ofisini kabla ya mazoezi ya kwaya. Kando ya neno VAR, mahali pasipokuwa na kisanduku, muuguzi alikuwa ameandika tarehe nyingine kwa kalamu ya bluu. Nkambo alitaka fotokopi mpya, ya zamani itolewe kabatini.